Viatu vya harusi moja

Jumapili, usiku.

Leo nilikuwa napanga kabati, nikavikuta vile viatu. Vimelala ndani ya boksi lake, karatasi laini bado imevifunika, na kwenye soli ya mguu wa kushoto kibandiko cha namba hakijabanduka. Nimevivaa siku moja tu, kwa saa 5 hivi, na kati ya hizo 3 nilikuwa nimekaa. Nilivinunua kwa sababu nguo niliyokuwa nayo ilikataa viatu vingine vyote. Nguo yenyewe niliinunua kwa sababu maharusi walitaka wageni wavae rangi moja. Na harusi ilikuwa ya rafiki wa rafiki yangu. Jina la bwana harusi ilibidi nilisome upya kwenye kadi nikiwa njiani, nisije nikampongeza mtu kwa jina la kaka yake.

Vimenikumbusha siku ile, zamani kidogo, nilipoanza kujihesabia harusi. Nilichukua daftari, nikafungua jumbe za zamani kwenye simu, nikatafuta risiti zilizobaki, nikaanza kufanya hesabu niliyoikwepa miezi mingi: harusi zote nilizohudhuria ndani ya mwaka mmoja zilinigharimu nini.

Zilikuwa 7. Kabla ya kuandika, kama ungeniuliza ni ngapi, ningekujibu bila wasiwasi: tatu, labda nne.

Kichwani mwangu gharama ya harusi ilikuwa zawadi. Ukiniambia harusi inakaribia, nilichowaza ni kilichomo ndani ya bahasha. Sasa daftari likanionyesha kwamba kwenye harusi 5 kati ya hizo 7, zawadi haikufika hata theluthi ya nilichotumia. Kilichobaki kilimezwa na nauli ya kwenda na kurudi, kulala, nguo, nywele, usafiri wa kutoka ukumbini usiku wa manane wakati kila dereva anajua huna ujanja, kumlipa mtu wa kukaa na mtoto, na siku ambazo sikwenda kazini na hazikulipwa. Bado kuna zile shughuli ndogo zinazoitangulia harusi yenyewe, ambazo kila moja huja na mchango wake na inataka nguo yake. Harusi moja ilikuwa na tatu za namna hiyo. Nilipofika siku yenyewe nilikuwa nimeshaishiwa, mfukoni na mwilini.

Jambo hili lina jina kwa wataalamu. Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia, waliliandikia tangu mwaka 1979: mtu anapokadiria jambo lijalo hulitazama jinsi anavyotarajia liende, hatazami jinsi mambo kama hayo yalivyokwenda huko nyuma. Ndiyo mimi huyo. Kila harusi niliikadiria kana kwamba ndiyo ya kwanza maishani. Kila mara nilisema safari hii nitavaa nguo ile ile, nitarudi mapema, nitalala kwa mtu. Hakuna hata moja iliyokwenda hivyo. Sasa ninayo kurasa mbili za daftari zinazonisuta, na nadhani zitanisaidia kuliko ahadi zangu zote.

Ukurasa wa pili una harusi ya binamu yangu. Ile nilikopa. Nilijiambia ni damu yangu, siwezi kukosa, na kweli nisingeweza. Lakini sikukopa kwa ajili ya kufika. Kufika ningemudu. Nilikopa ili nifike kwa namna fulani: nguo mpya, hoteli walikolala wenzangu, zawadi isiyopitwa na ya dada zangu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi nilikuwa naisema methali hiyo tangu utotoni kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilikaa matanga miezi 4. Nilipomaliza awamu ya mwisho, maharusi walikuwa wanatarajia mtoto, nikapata mwaliko wa sherehe ya mtoto.

Baada ya kuandika yote nilirudi kwenye jumbe za simu, kuangalia kila harusi ilianzaje. Hapo ndipo nilipoona kitu. Zote 7 zinaanza kwa namna moja. Mtu anatuma kadi, na mimi, ndani ya dakika moja au mbili, nimeandika: "Hongera sana! Lazima nije!" Kalenda sijafungua. Mahali sijauliza. Mara moja nilijibu hivyo nikiwa kwenye foleni, nimeshika mkoba kwa meno.

Nilidhani pesa zinapotea dukani, au kituoni. Hapana, zilipotea katika dakika ile. Yaliyofuata baadaye yalikuwa ni kulipa tu kitu nilichokwisha kukubali kukinunua. Na nikijichunguza, sikuwa nimekubali kwa furaha mara zote. Mara nyingine nilikubali kwa woga: wataniona nimejitenga, wataniona sina, hawatakuja kwenye yangu.

Kwa hiyo nimeanza kutenganisha. Hongera natuma papo hapo, tena kwa moyo wote, maana hiyo haina nauli. Jibu la kama nitakuja nalisubirisha siku 3. Naandika tu: "Hongera sana, nimefurahi mno. Niangalie ratiba yangu, nitakujibu kabla ya wiki kuisha." Hakuna aliyewahi kununa. Katika siku hizo 3 naangalia kurasa zangu mbili, naandika gharama yote, kuanzia mlangoni kwangu mpaka nirudi mlangoni kwangu, kisha najiuliza swali moja ambalo nimelitunga mwenyewe: watu hawa wangeoana kimya kimya bila sherehe, ningefunga safari kwenda kuwapa mkono? Nikijibu ndiyo, naenda, na naanza kujipanga siku hiyo hiyo. Nikianza kutafuta maneno, jibu ninalo.

Nimelipitisha swali hilo kwenye zile 7. Zimebaki 4.

Kuomba udhuru bado kunanitetemesha, siwezi kudanganya. Lakini kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2023, wa Julian Givi na Colleen Kirk, ambao ninaukumbuka kila ninapoanza kutetemeka. Walichunguza watu wanaokataa mialiko na watu waliokataliwa, wakakuta kwamba anayekataa hudhani mwenzake ataumia kuliko anavyoumia kweli. Aliyealika huzingatia, zaidi ya tunavyodhani, kwamba mtu amefikiri kabla ya kukataa. Mimi ninayekataa, nimeganda kwenye lile neno "hapana" peke yake.

Mwezi uliopita nilijaribu. Mtu niliyewahi kufanya naye kazi aliniletea mwaliko wa harusi ya mbali, safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Tunapendana, ila swali langu lilinipa jibu lisilo na utata. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, jumla mara nne. Nilikuwa nimejaza sababu mpaka ukawa mrefu kama barua ya kesi. Mwishoni nikaacha mistari mitatu: nakupenda, sitaweza kufika, zawadi yako itakufikia kabla ya siku yenyewe. Alijibu baada ya dakika 10: "Asante sana dada kwa kuniambia mapema. Nilikuwa sijui nimweke wapi shangazi yangu."

Nilicheka peke yangu. Miezi yote hiyo ya kuogopa, kumbe mimi ni kiti.

Na hili la kiti si mzaha. Wenye harusi wengi hulipia chakula kwa kichwa, na idadi kamili hutakiwa kabla ya siku yenyewe. Anayesema "nakuja" halafu asionekane, sahani yake imeshalipiwa. Naliandika nikijijua. Miaka michache nyuma nilikubali harusi moja kwa woga ule ule, nikajitoa siku 2 kabla, nikasingizia homa. Niliwagharimu, nikawadanganya, halafu nikatuma zawadi kubwa kuliko uwezo wangu ili dhamiri inyamaze. Ndiyo harusi ya bei mbaya kuliko zote nilizowahi kuzilipia, na sikuihudhuria.

Zawadi sasa. Kuna kanuni watu hupenda kuirudia, kwamba zawadi ifidie angalau sahani uliyokula. Mimi siipendi kanuni hiyo. Nimealikwa, sijanunua tiketi. Nikifunga safari ndefu kuja, sehemu ya zawadi yangu imeshatangulia kwenye nauli, na anayenipenda analijua hilo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo nimegeuza mpangilio: kwanza naweka kiasi cha harusi nzima, natoa safari na malazi, kinachobaki ndicho zawadi na nguo wagawane. Zamani zawadi na nguo zilikuwa zinatangulia, na safari inakopa.

Na kama maharusi wameorodhesha vitu wanavyotaka, nanunua kilichoorodheshwa, basi. Zamani niliona orodha hizo kama ukosefu wa haya, mtu kukupangia zawadi yake mwenyewe. Si jambo jipya lakini. Duka la Marshall Field's la Chicago lilianza kuweka orodha za maharusi mwaka 1924. Na watafiti Francesca Gino na Francis Flynn walionyesha mwaka 2011 kwamba mpokeaji hufurahia zaidi kitu alichokiomba, huku mtoaji akidhani kitu alichokibuni mwenyewe kitathaminiwa sawa au zaidi. Nilikuwa mbunifu mimi. Niliwahi kutumia jioni tatu kutafuta chombo cha maua, kirefu, cha kioo kizito, nikakibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Mwaka uliofuata nilikwenda kuwasalimia. Kipo mlangoni, kimejaa miavuli. Mwenye nyumba alipoona macho yangu yametua hapo akaanza kunisifia mtoto wangu alivyokua.

Kuchanga na marafiki kununua kitu kimoja kikubwa nako kunasaidia, mradi asiyekusanya pesa awe ni wewe. Nimewahi kuwa mkusanyaji. Sitaki tena.

Nguo ndiyo iliyonisumbua zaidi, nadhani kwa sababu pale kuna macho ya watu. Niliweka gauni moja zuri, rangi isiyopiga kelele, nikaamua ndilo. Nabadilisha mtandio, hereni, namna ya kusuka nywele. Limeshakwenda harusi 6. Ukigawa bei yake kwa 6, limekuwa gauni rahisi kuliko yote niliyowahi kununua. Vile viatu vya kwenye boksi, ukivigawa kwa 1, ni vya kifalme. Kwenye harusi ya tano shangazi yangu mmoja aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Mwanangu, hilo gauni sasa na sisi tumelizoea." Meza nzima ilisikia. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, na lenyewe limekuzoea." Alicheka mpaka akashika ubavu, nami nikatambua kwamba nilikuwa nimeliogopa neno hilo kwa miaka, na limekuja, na chakula kimeendelea kugawiwa.

Safari na malazi sina mengi. Nikijibu mapema nakata tiketi mapema, na ninapata wa kugawana naye chumba. Chagua tu mwenzako vizuri, kuna rafiki yangu kipenzi anayekoroma mpaka glasi za mezani zinaitikia.

Kisha kuna kibubu. Nimejumlisha zile harusi 4 ambazo ningekwenda tena, nikagawa kwa 12, na kiasi hicho kinatoka kila mwezi hata mwezi ambao sina mwaliko wowote. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea, kungoja kadi ndipo nianze kuweka. Harusi hazigawanyiki sawasawa kwenye mwaka. Zinakaa kimya, halafu zinakuja tatu kwa mpigo. Kibubu kikiisha, kimeisha. Watakaooana baada ya hapo nitawatembelea nyumbani, wiki kadhaa baada ya harusi, wakiwa wamepumzika na wanakumbuka nani alikuja. Nimeshafanya hivyo mara moja. Tulikaa mpaka usiku, wakanisimulia harusi nzima na picha zake zote, na nilimfahamu bwana harusi vizuri kuliko kama ningekaa meza ya 31 nyuma ya nguzo.

Mdogo wangu amepiga simu nikiwa naandika haya. Ana harusi Jumamosi, hana viatu, na alikuwa njiani kwenda kununua. Nimemwambia geuza, pitia kwangu. Amekuja, amekaa kitandani, amevijaribu. Nimebandua kile kibandiko kwa ukucha, kimeacha alama ya gundi ambayo haitaki kutoka.

"Dada, vinanibana kidogo kwenye kidole gumba."

Nimemwambia aende navyo. Harusi yenyewe atakuwa amekaa.