Laptopu mpya ya bei nafuu: nilivyoifanya ihimili kazi za steshenari

Kila anayeiona hii mashine mezani kwangu huuliza kwa nini sikuchukua used ya Dubai, yaani laptopu iliyotumika. Swali la haki kabisa. Kwa laki tano na kitu Kariakoo ningepata used yenye prosesa ya Core i5, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na SSD (hifadhi ya kasi), na mtu wa matumizi ya kawaida ningemwambia achukue hiyo. Ila nyingi zilizoingia kwenye bajeti yangu zilikuwa na prosesa za kizazi cha sita au cha saba, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, rasmi inaanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi kutwa nzima kwenye steshenari yangu naingia kwenye akaunti za watu: maombi ya mkopo wa chuo HESLB, TIN (namba ya mlipakodi), Ajira Portal (maombi ya kazi serikalini). Siwezi kuzifungulia kwenye mashine isiyopata tena masasisho ya usalama. Halafu kuna betri. Umeme ukikatika mteja akiwa katikati ya fomu, used yenye betri iliyochoka inazima palepale, na yeye anakutazama wewe.

Kwa hiyo nikachukua mpya ya boksi: prosesa ya Celeron N4020 yenye kori mbili, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64. Muuzaji alinihakikishia, "Dada, hii haijaguswa na mtu." Nikamwambia, "Sawa kaka, niwashie nione." Kwenye Command Prompt nikaandika powercfg /batteryreport, likatoka faili linaloonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Namba zikawa karibu sawa, na idadi ya mizunguko ya chaji ilikuwa sifuri. Hapo ndipo nilipotoa hela. Kipimo hiki ni cha bure, na boksi lenye nailoni mpya halikizidi, kwa sababu nailoni kila mtu anaweza kuifunga.

Siku za kwanza niliipenda na kuichukia kwa zamu. Ni nyepesi, haina feni kwa hiyo kimya chake kinastarehesha, na betri inavuka mchana kwa kazi za kuandika. Kibodi ukiigandamiza katikati inabonyea kidogo, lakini herufi zinaingia vizuri. Kioo ndicho dhaifu: 1366 kwa 768, na ukiangalia kwa pembeni rangi zinageuka. Mteja aliyekaa ng'ambo ya meza haoni kitu cha maana.

Tatizo la kwanza halikuwa kasi, lilikuwa printa. Niliweka programu yake, mashine ikakataa, ikisema inapokea programu za Microsoft Store peke yake. Mashine nyingi za bei hii zinakuja na Windows ikiwa kwenye S mode, ambayo kweli inapunguza virusi, ila kwa steshenari haifai hata kidogo. Kutoka ni bure: unaingia Settings, System, Activation, unachagua kuhamia Windows Home, inakupeleka Store unabonyeza Get. Kurudi S mode baadaye hakuna, kwa hiyo ukinunua kwa ajili ya mtoto wa shule fikiria kabla hujabonyeza. Akitokea mtu anataka kukutoza hela ya "kuifungua", mwambie umeshaifungua.

Sasa uzito wake, yaani uvivu wa kufungua vitu. Ukifungua Word inajifikiria, ukifungua Chrome inaganda kabisa, kishale kinazunguka. Wengi hapo husema prosesa ni mbovu. Nilifungua Task Manager nikaiangalia kwa utulivu: prosesa ilikuwa inacheza chini ya nusu, ila mstari wa Disk ulikuwa asilimia 100 na haushuki. Memory nayo imejaa karibu yote, na programu zangu ni mbili tu.

Uzito wenyewe unakaa hapo. Hifadhi ya mashine hizi si SSD ya kawaida, ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine). Ni kama daraja la njia moja: inaposoma haiandiki, inapoandika haisomi. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi hiyohiyo. Kwa hiyo upungufu wa RAM unajitokeza kwa sura ya diski iliyozidiwa, wakati huohuo masasisho yanajipakua, ulinzi wa virusi unakagua mafaili, na OneDrive inajaribu kupandisha kila kitu mtandaoni. Mashine mpya hufanya yote hayo kwa mpigo siku zake za kwanza, ndiyo maana ukiihukumu siku ya kwanza utaionea.

Niliiacha kwenye chaji usiku kucha, ikiwa na waifai ya jirani ambaye namchangia hela ya mwezi. Kwa bando la simu usithubutu. Ukilazimika, ingia kwenye mipangilio ya waifai uwashe Metered connection, masasisho makubwa yatatulia. Asubuhi nikairestati, ikawa mashine nyingine kidogo. Kidogo tu. Baada ya hapo nikaingia Startup apps nikazima kila kinachojiwasha chenyewe na ambacho sikukiita: Teams, OneDrive, programu ya muziki, na antivirasi ya majaribio iliyokuja nayo. Hiyo antivirasi niliiondoa moja kwa moja. Windows ina ulinzi wake wa virusi, Defender, na walinzi wawili kwenye RAM ya GB 4 ni kuiua mashine.

Kuhusu nafasi, mdogo wangu alidhani nimeibiwa. Boksi limeandikwa GB 64, mashine inasoma 57 na pointi. Hakuna wizi. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, Windows inahesabu 1,073,741,824, kwa hiyo 64 ya boksi inasomeka kama 59 na kitu, na kipande kingine ni sehemu ya kurejesha mfumo. Ukiondoa Windows yenyewe, inayobaki ndiyo ya kupigania. Nilizima hibernate (mashine kulala huku kazi imehifadhiwa kwenye diski) kwa amri ya powercfg /h off, ikarudisha zaidi ya GB 1. Hiyo inazima pia Fast Startup (kuwaka haraka), kwa hiyo kuwaka kunachukua muda zaidi. Mimi sijali, nawasha asubuhi mara moja. Kadi ya kumbukumbu niliyokuwa nayo nikaichomeka kwenye tundu la pembeni, na mitihani ya walimu, scan na picha za pasipoti vyote vinahifadhiwa huko. Kwenye diski kuu zimebaki programu tu.

RAM sikukubali kirahisi. Nilimpelekea fundi wangu, akafungua mfuniko wa chini, akaninyooshea kidole bila maneno mengi: chipu nne nyeusi zimelala kwenye bodi, hakuna tundu la kuongeza. "Hii mama yangu, ulichonunua ndicho ulichonacho." Alifunga screw zake, hakunichaji. Kama unanunua na unataka kuja kuongeza RAM, ulizia tundu kabla ya kulipa; zipo za bei hizohizo zilizonalo.

Waifai nayo ilikuwa inakatika kila nikikaa dakika chache bila kugusa. Device Manager, kadi ya mtandao, Power Management, nikaondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Haijakatika tena. Siku simu ya mteja haionekani kabisa kwenye orodha, huwa naangalia kama hotspoti yake iko kwenye 5 GHz. Kadi hii inasoma 2.4 peke yake.

Leo inafungua Edge yenye tabo nne au tano, Word na printa kwa pamoja, bila kelele. Nikizidisha hapo inaanza kujikuna, kwa hiyo fomu ikishatumwa naifunga. Photoshop sijaijaribu na sitaijaribu. Tatizo la kioo nililimaliza kwa waya wa HDMI na monita kuukuu iliyokuwa stoo. Sasa mteja anasoma jina lake mwenyewe kabla sijabonyeza Submit, na makosa ya herufi yamepungua sana.

Kinachonisumbua bado ni sasisho kubwa la mwaka. Linahitaji nafasi nyingi kuliko ninayokuwa nayo, na Windows inapoona hivyo inakuuliza kama una diski ya nje ya kufanyia kazi. Natenga flashi ya GB 32 isiyo na kitu kwa ajili hiyo tu, nimeibandika karatasi ya "USIFUTE, USIAZIME", na naichomeka Jumamosi jioni nikishafunga duka.