Wiki moja katikati ya mizabibu ya Saint-Émilion

Septemba iliyopita mimi na mume wangu tulikodi nyumba ndogo ya mawe nje kidogo ya mji wa Saint-Émilion, mashariki ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba hata jua la mchana lilipowaka, ndani kulibaki baridi kama mtungini.

Mizabibu ilianzia hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Niliona mawaridi yamepandwa kwenye ncha za baadhi ya mistari, nikadhani ni pambo. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye tulielewana naye kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, akanieleza kwamba zamani wakulima waliyategemea kama walinzi, kwa kuwa ugonjwa wa ukungu huonekana kwenye waridi kabla ya kuishambulia mizabibu. Kisha akanichumia kichala cha Merlot, aina ya zabibu inayotawala eneo lile. Punje zilikuwa ndogo, nyeusi, zimejaa mbegu, na tamu mno. Mimi si mnywaji wa mvinyo, lakini kichala kile nilikimaliza peke yangu.

Mjini tuliingia katika kanisa lililochongwa ndani ya mwamba wa chokaa zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Kero ilikuwa moja: mashine ya kuvunia ilipita chini ya dirisha letu saa kumi alfajiri, taa zikiwaka, nasi tukaishia kuketi nje na chai ya rangi tukiitazama.