Joto la Dar limekushinda? Panda Lushoto, ukikosa Lushoto nenda Mgeta

Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili Dar haikaliki, hilo halina mjadala. Feni inapuliza hewa ya moto, unaoga unatoka bafuni na jasho lako vile vile, ukipanda daladala ndo usiseme. Na kila mwaka joto likianza, magrupu ya wasapu yanaanza yale yale, twende Bagamoyo, twende Kigamboni, twende Zanzibar, yaani mtu anakimbia joto la baharini anaenda baharini. Mi huwa nashangaa sana, maana ukiwasha gari alfajiri na mapema, saa za kula mchana unakuwa sehemu ambayo unatafuta sweta kwenye begi.

Na sizungumzii Arusha wala Moshi, ile ni miji mikubwa ina foleni zake na bei zake za watalii. Nazungumzia vile vimji vidogo vya mlimani ambavyo mkazi wa Dar anavijua kwa kuvila kabla hajafika. Kabichi na karoti unazonunua Kariakoo nyingi zimeshuka huko. Maji ya bomba unayofulia sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Kwa hiyo huko sio ugenini kivile.

Tuanze na Lushoto maana mi ndo napapenda kuliko kote na sitajifanya sina upendeleo.

Kutoka Dar una njia mbili. Ya kwanza ni Morogoro Road mpaka Chalinze alafu unakata kulia, ila hapo kati ya Kimara na Kibaha na malori yote yale unaweza zeeka. Ya pili unapita Bagamoyo unaenda kutokea Msata, lami safi, haina malori mengi, mi ndo napita hiyo siku zote. Ukishaingia barabara kubwa unavuka Wami, sa hivi kuna daraja jipya, lile la zamani jembamba la kupishana moja moja tumeshalisahau, alafu Mkata, Kabuku, Michungwani, hapo Michungwani jina lenyewe linakwambia kuna nini, simama ununue machungwa. Segera unanyoosha kama unaenda Moshi, usikate kulia, kulia ni Tanga. Unapita Korogwe na mashamba ya mkonge mpaka Mombo. Njia nzima hiyo heshimu vibao vya 50, kila kijiji kina kibao na matrafiki wenye tochi wanajua kujificha kwenye vivuli vya miembe.

Mombo jaza mafuta, kula, nenda msalani, maana ukikata kulia pale ndo mlima unaanza na hakuna utani. Ni kilomita 33 tu mpaka Lushoto mjini lakini barabara imejikunja kama utumbo, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo na mto unausikia chini. Ni lami ila nyembamba, iliyochongwa enzi za Mjerumani, na kuna kona ambazo usipopiga honi unakutana uso kwa uso na kosta imejaa watu na dereva wake wala hana wasiwasi. Kama hujazoea, mpishe. Wenyeji wanaendesha pale kila siku, we una haraka gani? Na wakati wa kushuka tumia gia, usikae juu ya breki njia nzima, utasikia harufu ya kuungua kabla hujafika chini.

Gari lolote linafika. IST zinapanda vizuri kabisa, tena nyingine zimebeba watu sita.

Katikati ya njia unafika Soni, kamji kadogo kwenye kona, kuna maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Watu wengi wanapiga picha wanaondoka, sawa, lakini Soni ikiwa na siku ya gulio simama, mi naona gulio la mlimani linashinda maporomoko yoyote. Sio mbali na hapo ndo kuna Vuga, ilipokuwa makao ya wafalme wa Kisambaa, Wakilindi. Hadithi yao ni kwamba mwindaji mmoja anaitwa Mbegha alitoka Nguu, akaua simba aliyekuwa anasumbua watu, wakamfanya mfalme. Baadaye Kimweri ye Nyumbai akaja kutawala eneo kubwa mpaka karibu na pwani. Kwa hiyo unapopita hapo ukiona vibanda na bodaboda jua unapita kwenye mji mkuu wa watu.

Lushoto yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm, wakapafanya sehemu ya kupumzikia wakichoka na joto la pwani, yaani mchezo wetu huu waliuanza wao. Bado kuna majengo yao yale ya mapaa marefu. Mji mdogo, stendi, soko, misikiti, makanisa, barabara kuu moja, kwa mguu unaumaliza asubuhi moja. Na uzuri wake ndo huo, mji haukusubiri wewe. Watu wana shughuli zao.

Sokoni ndo nenda, tena kabla ya kwenda ukingo wa Irente. Ikiwa ni msimu, kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili hivi, utakuta plamu, pichisi, peasi, vitu ambavyo Dar unauziwa vimepangwa vinne vinne kwenye sahani kwa bei ya kukutoa machozi, huku vinamwagwa kwenye ndoo. Nilikuwa nimesimama kwa mama mmoja nachagua plamu, mapema, ukungu haujaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Dasalama?"

"Umejuaje?"

"Unavyotetemeka."

Wenzake wote wakacheka, akanipa plamu moja ya kuonja alafu akanipandishia bei ya ndoo, biashara ni biashara. Nikalipa.

Kitu kingine ambacho mi nakaa kuangalia ni karoti zinavyoandaliwa. Zinatoka shambani zimejaa udongo mwekundu, zinapelekwa kwenye kijito, kina mama na vijana wameingia maji mpaka magotini, karoti zinamwagwa kwenye kiroba, watu wawili wanashika huku na huku wanakirusha kwenda na kurudi, maji yanatoka mekundu, baadae yana rangi ya chai ya maziwa, mpaka yanakuwa meupe, kiroba kinamwagwa karoti zinang'aa utadhani zimepigwa rangi. Maji yenyewe ya baridi sana, mi niliingiza mkono nikautoa. Jioni zinafungwa kwenye magunia, mengine lumbesa zile zenye kichwa ambazo kila siku zinapigwa marufuku, zinapandishwa kwenye fuso na usiku zinashuka mlima ule ule wenye kona. We umelala, karoti ziko njiani zinakuja kwako.

Irente ndo kila mtu anaijua, ni ukingo wa mlima, unasimama unaona Mazinde chini na nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Ni ya kwenda kwa mguu kutoka mjini, inachukua kama saa na nusu taratibu, unapita mashamba na nyumba za watu, watoto wanakusalimia. Nenda jioni au asubuhi sana, mchana jua linafanya kila kitu cheupe. Njiani kuna shamba la Irente, wanatengeneza jibini, jamu na mkate wao wenyewe, unakaa bustanini unakula. Mi sio mtu wa jibini lakini ile nilibeba ya kurudi nayo. Upande wa pili kuna msitu wa Magamba, ule ni msitu kweli, baridi, mbega wanaruka juu, tafuta kijana wa kukuongoza usijifanye mjuaji.

Ukiwa na siku za ziada endelea mpaka Mtae. Ni zaidi ya kilomita 50 kutoka Lushoto, na sehemu kubwa ni vumbi, lakini mji wenyewe umekaa kwenye mgongo wa mlima, nyumba zimejipanga juu ya ukingo, upande mmoja unaona bonde la Mkomazi kule chini. Masika usijaribu na gari la chini, utope wa huko ni mwekundu na unateleza vibaya.

Kosa kubwa la watu wa Dar ni kwenda Lushoto Jumamosi na kurudi Jumapili. Yaani unaendesha masaa sita saba, unalala, unapiga picha Irente, unageuka. Kwa mtindo huo bora ukae Mbezi. Mji wa mlimani unataka asubuhi kama mbili tatu hivi, ya kwanza bado una uchovu wa gari, ya pili ndo unaanza kusikia ndege.

Sasa kama huna muda wa Lushoto, Morogoro ni karibu, kama kilomita 190. Ila usiishie mjini Morogoro, mjini ni joto kama kwetu tu tena wana na vumbi. Chukua barabara ya Iringa, unapita upande wa Mzumbe unaanza kupanda kwenda Mgeta, unaenda mpaka Nyandira. Barabara hii haina mchezo, ni vumbi na mawe, kiangazi unaenda na gari lenye urefu kidogo, mvua ikinyesha waachie wenyeji na pikipiki zao. Lakini ukifika... milima imekatwa ngazi ngazi kutoka chini mpaka juu, kila ngazi ina kitu, kabichi, njegere, viazi, vitunguu, hakuna sehemu imeachwa. Mtu analima sehemu ambayo mi kusimama tu nashika mti.

Hizo ngazi zina siasa yake pia. Mwingereza alitaka kuwalazimisha Waluguru walime matuta kwa amri ili kuzuia udongo kuporomoka, watu wakakataa, na mwaka 1955 ikatokea vurugu kubwa upande wa Matombo, mpango ukafa. Wakati huku Mgeta watu walikuwa na ngazi zao za mboga wanazilima wenyewe bila kushikiwa fimbo. Na ukiona mbuzi wakubwa weupe wenye viwele vimejaa, usishangae, ni mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, walipelekwa huko miaka ya 1980 kupitia chuo cha Sokoine na wakapapenda. Maziwa yake na chai ya asubuhi Nyandira, baridi iko nje, sina la kuongeza. Malazi ni ya kawaida sana, gesti ndogo, maji ya moto kwenye ndoo. Kama unataka taulo zilizokunjwa umbo la bata huku sio kwako.

Amani ni kwa wale wanaopenda misitu na kimya. Hii pale Segera unakata kulia kwenda Muheza, alafu unapanda kama kilomita 35. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila kona ya dunia, ikiwemo mikwinini ya dawa ya malaria, na miti mingine ipo mpaka leo imekuwa mijitu. Sasa ni hifadhi ya msitu. Kuna mashamba ya chai, kuna vinyonga wenye pembe, na yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayapanda madirishani kwao dunia nzima, asili yake ni hii milima ya Usambara na pwani ya Tanga, yanaota tu kwenye mawe yenye unyevu hakuna anayeyajali. Mvua inanyesha muda wowote inavyojisikia. Mji kama mji haupo, ni nyumba chache na duka, mwenye kuhitaji baa na muziki atakuwa mnyonge siku ya kwanza tu.

Usangi, upareni, nayo nzuri, unapandia Mwanga, kadri unavyopanda unaona bwawa la Nyumba ya Mungu linazidi kuwa dogo chini, na juu unakuta mji umezungukwa na vilele pande zote. Kula makande huko, yale yenyewe, sio haya ya kopo la nazi ya kwetu. Ila kwa Dar ni mbali kidogo, iunganishe na safari ya Moshi.

Tukuyu sitaiweka kwenye hesabu ya wikendi, Mbeya tu yenyewe ni zaidi ya kilomita 800. Ila kama una likizo ya maana, migomba, chai, Ziwa Ngozi ndani ya shimo la volkano, Daraja la Mungu, na mvua isiyoisha, nenda. Ule mlima wa Kitonga wenye kona, njiani kabla ya Iringa, panda ukiwa umelala vizuri.

Mambo madogo ya mwisho. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lushoto ni ya kweli, koti sio fasheni. Masika, kuanzia wa tatu mpaka wa tano, barabara za mlimani huwa zinaporomokewa na udongo, piga simu kwa mwenyeji kabla hujatoka. Beba keshi, wauza plamu wengi wanapokea kwa simu lakini mtandao kwenye mabonde unapotea. Na mboga nunua siku ya kuondoka asubuhi, kabichi weka chini, nyanya juu, plamu shika mapajani, usizifungie kwenye buti maana ukifika Chalinze zimeshakuwa jamu.

Mi Agosti nataka kwenda Mtae kwa kupitia Mlalo, mwenye kujua hiyo njia sa hivi ikoje aniambie kabla sijaazima gari la watu.