Kurudi kwenye upinde baada ya kushonwa kano ya bega

Kwa mpiga mishale aliyeshonwa kano ya bega, miezi ya hatari ni wa nne na wa tano. Maumivu yamekwisha, mkono unapanda mpaka juu ya kichwa, usingizi umerudi, na upinde wenye nguvu ya kuvuta ya ratili 40 (kilo 18) uko palepale ukutani. Lakini maumivu huondoka mapema kuliko kano inavyokomaa. Katika wiki 6 za mwanzo kano imeshikwa na nyuzi za daktari tu. Kufikia wiki ya 12 hivi, nyama mpya imeanza kuiunganisha na mfupa kiasi cha kubeba mzigo mdogo, na kukaza huko huendelea mpaka mwezi wa 9, hata wa 12. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayesubiri upasuaji huu hauhusu mazoezi kabisa: tafuta upinde wa ratili 10 hadi 14 kabla hujaingia chumba cha upasuaji, na ule mzito umwachie mwenzako akutunzie.

Bega linaendeshwa na misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono. Kazi yake ni kukibakiza kichwa hicho katikati ya kikombe, yaani shimo la bega kinamokaa, wakati misuli mikubwa inainua mkono. Unaochanika zaidi ni wa juu, supraspinatasi, kwa sababu kano yake hupita chini ya paa la bega katika nafasi ya takriban sentimita moja tu. Daktari hupigilia vishikizo vidogo mfupani na kuirudisha kano mahali pake kwa nyuzi, mara nyingi kupitia matundu madogo. Kila unachofanya na upinde baadaye kipime kwa swali moja: je, kinaibana kano hiyo chini ya paa, au kinaiacha huru?

Jibu linategemea ni bega lipi limepasuliwa, kwa maana mikono miwili ya mpiga mishale haifanyi kazi moja.

Mkono unaoshika upinde husukumwa. Upinde wa ratili 40 ukivutwa hadi mwisho, ratili hizo 40 hurudi kupitia kiganja na kiwiko mpaka kwenye kikombe cha bega. Bega likiwa limeshuka na mkono umenyooka, mifupa ndiyo inayobeba. Bega likipanda kuelekea sikioni, kichwa cha mfupa hupanda nalo na kuifinya kano iliyoshonwa, mshale baada ya mshale. Kuna pia uzito wa chombo chenyewe: upinde wa Olimpiki wenye fimbo zote za kusawazisha hufika kilo 2.5 hadi 3.5, na wote unaning'inia mwisho wa mkono ulionyooshwa. Aliyepasuliwa bega hili aanze na upinde wa mbao wa wanafunzi, ambao ni mwepesi sana kuliko huo, bila fimbo hata moja. Fimbo zirudi moja moja, na ile ndefu ya mbele ije mwisho, kwa kuwa ndiyo inayovuta mkono chini zaidi.

Mkono unaovuta una shida nyingine. Kiwiko kinapoinuliwa juu sana mwanzoni mwa mvuto, huku mkono umepinda kuelekea ndani, kano hujikuta imebanwa hata kabla uzi haujasogea. Wanaoelekeza upinde angani kisha wakavuta huku wakishusha ndio wanaojiumiza hapa. Inua upinde usawa wa pua, kiwiko cha kuvuta kiwe usawa wa mshale au juu yake kidogo, kisha anza kuvuta kwa kulisogeza kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, kuelekea uti wa mgongo. Ukisikia kazi yote iko juu ya bega na kwenye msuli wa mbele wa mkono, simama. Kazi inapaswa kusikika kati ya kombe na uti wa mgongo.

Upasuaji nao haufanani. Aliyekwanguliwa mfupa tu ili kuongeza nafasi huvua mkanda wa mkono mapema na anaweza kuwa kwenye upinde mwepesi karibu na mwezi wa tatu. Aliyehamishiwa kano ya msuli wa mbele wa mkono kwa kawaida hukatazwa kukunja kiwiko kwa nguvu wiki 6 au zaidi, na kuvuta upinde ni kukunja kiwiko kwa nguvu. Aliyeshonwa kwa sababu bega lilikuwa linachomoka hukatazwa kwa muda kuupeleka mkono nje na nyuma. Soma maelezo ya upasuaji wako au mwombe daktari akuandikie kilichoshonwa, kisha umpe mtaalamu wa fiziotherapia karatasi hiyo mkononi. Ninayoandika hapa chini yanamhusu aliyeshonwa kano ya juu, yenye mchaniko mdogo au wa kati. Mchaniko mkubwa huchukua muda mrefu zaidi, na neno la daktari wako hutangulia langu.

Wiki 6 za mwanzo hazina mengi: mkanda wa kuning'iniza mkono, kufumba na kufumbua vidole, kukunja na kukunjua kiwiko kama umeruhusiwa, kulala nusu umeketi na mto mdogo chini ya kiwiko. Usibebe hata kikombe cha chai kwa mkono huo. Homa, usaha, kidonda kuwa chekundu na cha moto, au shavu la mguu kuvimba na kuuma: rudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari amweleze daktari mapema, kwa sababu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya bega kuganda.

Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 mkono hufundishwa kupanda tena, kwanza ukisaidiwa na fimbo au kamba na kapi juu ya mlango, baadaye wenyewe. Hapa kuna kosa ambalo litakufuata mpaka uwanjani usipolikomesha: kuinua mkono kwa kupandisha bega. Simama mbele ya kioo. Bega likipanda kabla mkono haujafika usawa wa kifua, umefika mwisho wako wa leo, na kulazimisha zaidi ni kufundisha mwili tabia mbaya.

Baada ya wiki ya 12, daktari akikubali, huja mpira wa mazoezi. Ukikosa wa dukani, mpira wa ndani wa baiskeli unatosha, ila ukatwe utepe mwembamba wa sentimita 2 hivi na mrefu wa kutosha, kwa sababu ukiwa mpana ni mgumu kupita kiasi kwa bega jipya. Mazoezi matatu hubeba karibu kazi yote: kuvuta mpira kuelekea mbavu huku makombe yakikaribiana, kuzungusha mkono kwenda nje, kiwiko kimekunjwa na taulo iliyokunjwa imebanwa kati yake na mbavu, na kusukuma ngumi mbele huku kombe likifuata, zoezi ambalo wengi huliruka ingawa ndilo linalouandaa mkono wa kushika upinde. Seti 2 au 3 za marudio 12 hadi 15, siku moja fanya, siku moja pumzika. Kati ya 0 na 10, maumivu yasizidi 3, na yawe yametulia kufikia asubuhi. Yakiamka nawe, punguza nusu.

Mvuto wa kwanza, kwa kawaida mwezi wa nne au wa tano, hufanywa kwa mpira na hauna upinde. Shika mpira kana kwamba ni upinde na uzi, vuta hadi kidevuni, shikilia sekunde 5, kisha rudisha polepole kwa sekunde 3. Kurudisha huko ndiko kunakolemea kano, kwa sababu misuli inafanya kazi huku ikirefuka. Asiyeweza kurudisha bila kutetemeka hayuko tayari kushika upinde, hata kama kuvuta anaweza. Kipimo ninachokiamini ni mivuto 10 ya kushikilia sekunde 10, bega limeshuka mpaka mvuto wa mwisho. Ukikipita siku tatu tofauti, chukua upinde.

Sasa hesabu ya upinde. Ratili zilizoandikwa kwenye mabawa, zile sehemu mbili zinazopinda, hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi pungufu huondoa takriban ratili 2, na kwenye upinde laini huwa chini ya hapo. Mwenye mvuto wa inchi 26 akishika mabawa ya 14 anavuta ratili 11 au 12. Skrubu za mabawa hupunguza karibu asilimia 10 tu, kwa hiyo upinde wa 40 hauwezi kugeuzwa wa kuponea, na ukizifungua kupita kiwango cha kiwanda bawa linaweza kuchomoka. Pinde za kuwindia, kama zile ngumu za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hazina hata skrubu ya kulegeza. Upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, hupunguza uzito mvuto unapokamilika: wa ratili 40 wenye punguzo la asilimia 80 unashikiliwa kwa 8. Lakini ratili 40 zote zinakuja mapema katika mvuto, na unaporudisha uzi bila kuachia, magurudumu hugeuka ghafla na kuunyakua mkono. Kwa bega la kuvuta lililoshonwa, naona upinde wa kawaida ulio mwepesi ni salama zaidi kuanzia.

Simama mita 3 hadi 5 kutoka kwenye shabaha isiyo na karatasi. Mishale 12 siku ya kwanza, mitatu mitatu, mapumziko ya dakika 2 katikati. Usipige siku mbili mfululizo. Ongeza mishale kabla ya kuongeza ratili: ukifika 60 kwa siku, mara tatu kwa wiki, kwa wiki mbili bila bega kulalamika asubuhi, panda ratili 2 na urudi mishale 30. Zidisha uone tofauti. Mishale 30 kwa upinde wa kilo 5 ni mzigo wa kilo 150 kwa siku. Mishale 72 kwa upinde wa kilo 18, ambayo ni duru ya kupanga nafasi ya Olimpiki ya mita 70, inakaribia kilo 1,300. Kati ya namba hizo mbili hakuna njia ya mkato. Kwa mita 18, umbali wa ukumbini, tarajia kuanza mwezi wa sita au wa saba. Mita 70 ni suala la mwaka.

Mishale yako ya zamani itakuwa migumu mno kwa mabawa mapya na, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia na vidole, itaelekea kushoto. Usirekebishe mkono ili kuifuata. Tafuta mishale laini zaidi, au kubali ianguke kushoto huku ukiangalia bega.

Majeraha mengine huja nje ya mstari wa kupigia. Kufunga uzi kwa kuupindisha upinde nyuma ya paja ni marufuku. Tumia kamba maalumu ya kufungia, na mwenzako akufanyie miezi ya mwanzo. Kuchomoa mshale uliozama kwenye shabaha ngumu ni mvuto wa ghafla ambao hakuna upinde mwepesi unaoutoa: tumia mkono usiopasuliwa, shika karibu na shabaha kwa kipande cha mpira, zungusha kwanza, kisha vuta. Ukisikia mlio wa kukatika na mkono ukakataa kupanda, weka upinde chini na umwone daktari wiki hiyohiyo.

Kwa ambaye bega la kuvuta halitarudisha nguvu, kuna njia zilizokwisha kupimwa kwenye mashindano makubwa. Matt Stutzman wa Marekani, aliyezaliwa bila mikono, hushika upinde kwa mguu na kuufyatua kwa kifaa kilichofungwa begani. Alipata medali ya fedha kwenye Paralimpiki ya London 2012 na ya dhahabu Paris 2024. Wengine huvuta kwa meno: utepe mfupi wa ngozi hufungwa kwenye uzi, huumwa kwa meno ya pembeni, kisha mkono wa upinde husukuma mbele mpaka mvuto ukamilike. Huyu naye aanze na ratili 10 hadi 12, na amwone daktari wa meno kabla ya kupanda, maana jino lenye tundu halivumilii mzigo huo.