Siku Yangu na Sanduku la Mifupa

Saa 11:20 alfajiri. Mbagala Rangi Tatu, giza bado. Nagombania gari la Kariakoo nimekumbatia begi langu. Ndani mna kitambaa cheupe nilichokifua jana, cha kutandikia mifupa.

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua chumba cha anatomia, somo la maumbile ya mwili ninalofundisha. Kiunzi cha plastiki kinaning'inia kwenye kona, lakini kazi hasa iko kwenye sanduku la mbao, maana humo ni mifupa ya mtu kweli. Fuvu nalibeba kwa mikono miwili kwa chini. Vidole havitumbukizwi kwenye matundu ya macho, mfupa wa mle ni mwembamba kama ganda la yai.

Saa 2:00. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, kaeni." Nanyanyua mfupa mmoja mmoja nao wanajibu upesi kwa majina ya kitaalamu: femuri, patela, klavikula. Vizuri. Nanyanyua tena patela. "Haya, sasa niambieni mgonjwa anauitaje." Kimya. Mmoja anajaribu: "Mfupa wa goti?" Nawaambia: kilegesambwa! Wanacheka, wanarudia, wanaandika.

Siwalaumu. Mwaka jana, kwenye mafunzo ya vitendo, bibi mmoja alimwambia mwanafunzi wangu, "Mjukuu wangu, nilianguka bafuni, kitokono kinaniuma." Kijana akadhani ni tumbo, na bibi akaondoka na vidonge vya tumbo. Jioni alinifuata mwenyewe: "Mwalimu, kitokono ni nini?" Nikamshika mkono nikamwonyesha kwenye kiunzi, pale chini kabisa, uti wa mgongo unapoishia. Sura yake ilibadilika. Tangu siku ile kila mfupa katika darasa langu una majina mawili, na yote mawili yamo kwenye mtihani.

Na majina tunayo! Mtulinga, ndiyo klavikula, unaotoka begani hadi kidarini. Kombe la mkono, bapa lile la nyuma ya bega. Muundi, unaojigonga kwenye stuli usiku. Pingili za uti wa mgongo tunazihesabu kwa kidole: 7 za shingo, 12 zinazobeba mbavu, 5 za kiuno, kisha zilizoungana. Mtu mzima ana mifupa 206, ila mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, vingi bado ni gegedu, laini kuliko mfupa, navyo huungana kadiri anavyokua. Yeyote aliyewahi kuosha mtoto ameuona utosi unavyopwita. Pale mifupa ya fuvu haijakutana.

Saa 5:00. Nyonga. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Nyuma ya mfupa wa nyonga kuna pengo lililopinda. Nawaambia waweke kidole gumba humo. Kikicheza huku na huku kwa nafasi, yaelekea alikuwa mwanamke. Kikibanwa, yaelekea mwanamume. Wanapokezana, kila mmoja akinyamaza anapogusa. Kisha ncha ya mtulinga iliyo upande wa kidari: huchelewa kuliko zote kuungana, mtu akiwa tayari ana miaka ishirini na kitu. Isipoungana, huyo alikuwa kijana.

Saa 8:30 mchana. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jua kali, shati limeganda mgongoni. Tunasimama kwa Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye wataalamu sasa humwita Paranthropus boisei. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alimwona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Juu ya fuvu pana mwinuko kama undu wa jogoo, ndipo misuli ya kutafunia ilipojishikiza. Magego yake ni makubwa mno. Nawauliza wangetazama wapi kujua kama alitembea wima. Binti mmoja anajibu: tundu la chini ya fuvu, uti wa mgongo unapoingilia. Ndiyo! Kwa sokwe liko nyuma zaidi. Nilitaka kumkumbatia.

Saa 11:00 jioni. Nimerudi chumbani, nahesabu. Mkono mmoja una mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja, 14 ya vidole. Leo wa kulia una 26. Naujua unaokosekana, ule wa kifundo ulio kama punje ya njegere. Napiga magoti na tochi ya simu, chini ya meza, chini ya kabati, ndani ya droo. Robo saa nzima. Nakung'uta kitambaa taratibu, unadondoka kutoka kwenye pindo. Naufuta, naurudisha kwa wenzake, nafunga sanduku.

Saa 2:40 usiku. Nakula wali na maharage, simu inalia. Ni yule binti wa makumbusho: "Mwalimu, na vile vidogo vya sikioni?" Nikamwandikia: nyundo, fuawe, kikuku. Kikuku ndicho kidogo kuliko mifupa yote mwilini.