Jinsi nilivyoiwezesha dibaga yangu kuchunguza programu iliyo kwenye mashine nyingine

Dibaga (programu ya kutafuta hitilafu katika programu nyingine) niliyoiandika kwa ajili ya Linux ilikuwa ikiita ptrace, mwito wa Linux unaoruhusu programu moja kuidhibiti nyingine, moja kwa moja kila ilipotaka kusoma rejista (hifadhi ndogo zilizo ndani ya prosesa) au kumbukumbu ya programu inayochunguzwa. Utaratibu huo unatosha mradi vyote viwili viko kwenye mashine moja, lakini mimi nilihitaji kuchunguza programu iliyo ndani ya QEMU, programu inayoiga mashine nzima, na baadaye kwenye bodi ndogo isiyoweza kubeba dibaga nzima.

Sikuanza na mtandao. Niliikusanya miito yote ya ptrace iliyokuwa imetapakaa katika msimbo, nikaiweka nyuma ya kiolesura kimoja chenye kazi chache: kusoma na kuandika rejista, kusoma na kuandika kumbukumbu, kuweka nukta ya kusimama (mahali programu itakapositishwa), kuendelea, na kusonga hatua moja. Sehemu hii ndiyo iliyonila muda mwingi zaidi, na sidhani kama ina njia ya mkato, kwa kuwa anayekimbilia soketi, yaani muunganisho wa mtandao, kwanza atalazimika kuuliza katika kila faili kama programu iko karibu au mbali.

Kuhusu itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya dibaga na upande wa pili, sikuona sababu ya kubuni yangu ilhali ile ya GDB, dibaga ya mradi wa GNU, imeelezwa wazi katika mwongozo wake na inaeleweka na gdbserver (seva ya GDB inayokaa kwenye mashine ya programu), QEMU na OpenOCD (programu ya kuunganisha dibaga na bodi). Pakiti huanza na alama $, ukafuata ujumbe, kisha alama # na tarakimu mbili za heksadesimali za kuhakiki, ambazo ni baki la jumla ya baiti za ujumbe ikigawanywa kwa 256. Nikiuliza kwa nini programu imesimama natuma $?#3f, na upande wa pili, yaani seva, hujibu + kuthibitisha kwamba umepokea, kisha $S05#b8, yaani ishara namba 5, SIGTRAP, ambayo hutokea kwa mfano programu inapofika kwenye nukta ya kusimama. Kwa kuwa TCP, itifaki ya mtandao iliyobeba pakiti hizi, yenyewe huhakikisha data inafika salama, nilizima uthibitisho huo kwa ombi la QStartNoAckMode pale seva ilipokubali.

Rejista zinahitaji uangalifu. Jibu la g, ombi la kusoma rejista zote, ni mfuatano mrefu wa tarakimu usio na jina lolote, kwa hiyo mpangilio wake niliuchukua kutoka target.xml, faili inayoeleza rejista za mashine, ambayo seva huitoa kwa ombi la qXfer. Isitoshe, baiti huja kwa mpangilio wa mashine inayochunguzwa: kwenye x86-64, ambako baiti ya thamani ndogo hutangulia, anwani 0x401136 hufika ikiwa 3611400000000000.

Kinachonipendeza katika itifaki hii ni jibu tupu, $#00, linalomaanisha kwamba ombi halitambuliwi. Z0, ombi la kuweka nukta ya kusimama, ikijibiwa hivyo, dibaga huhifadhi baiti iliyopo, kisha kwenye x86 huandika 0xCC, agizo la prosesa la kusimama, mahali pake kwa M, ombi la kuandika kumbukumbu, na kazi huendelea. Kusitisha programu inayokimbia ni jambo jingine, maana baiti 0x03 hutumwa peke yake, nje ya pakiti yoyote. Kwa hiyo baada ya kutuma c, ombi la kuendelea, ilinibidi nisubiri kibodi na soketi kwa pamoja kupitia poll, mwito wa kusubiri vyanzo kadhaa kwa wakati mmoja.

Kilichobaki kilikuwa kasi. Kuorodhesha miito ya fanksheni kulisoma staki (sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi miito hiyo) baiti 8 kwa wakati mmoja, na kila usomaji ulikuwa safari kamili ya kwenda na kurudi. Niliweka TCP_NODELAY ili pakiti ndogo zitumwe bila kucheleweshwa, kisha nikaanza kusoma kwa vipande vikubwa na kuvihifadhi mpaka programu iendelee au kumbukumbu iandikwe. Akiba hiyo niliiwekea mipaka ya staki na msimbo peke yake, kwa sababu kwenye bodi kuna anwani za vifaa ambazo kuzisoma tu hubadilisha hali ya vifaa hivyo. Rejista ya kupokelea data ya UART (kifaa cha mawasiliano ya mfululizo), kwa mfano, ikisomwa na dibaga huweza kuondoa herufi ambayo programu ilikuwa bado haijaichukua.