Mchu wa Salander na figo zangu

Tangu figo zangu zishindwe kazi, kila ndugu ana dawa ya unyonge wangu. Shangazi wa Tabata kila akipiga simu: "Mwanangu, nenda ufukweni ukapunge upepo, unywe na dafu." Dafu! Lina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi kwa mtu anayesafishwa damu kwa mashine, moyo unaweza kusimama. Nimelieleza hili misibani na harusini mpaka sauti imekauka. Jamani, msimpe mgonjwa wa figo dafu, hata akililia.

Binamu yangu akasema dawa ni msitu, akanipeleka Pugu. Njia inapanda, na damu yangu ni pungufu kama ya wengi tunaokaa kwenye mashine, kwa hiyo kila baada ya hatua chache pumzi inakata. Ndege waliimba juu huko, sikumwona hata mmoja. Nilichowaza ni maji tu. Kipimo cha maji ninachoruhusiwa kunywa siku nzima kilikwisha kabla ya saa tano, kiu ikanikaa kooni hadi usiku. Yeye ananipiga picha: "Dada, vuta hewa safi!" Nilirudi nimeichukia misitu yote ya nchi hii.

Kilichoniponya moyo ni foleni. Nilikuwa natoka Upanga kwenye mashine, daladala ikaganda pale Daraja la Salander. Maji yamekupwa, na tope lote chini ya mikoko linatembea. Kaa! Madume yana gando moja kubwa kupita mwili, wanalipunga juu chini kuita majike. Nimepita hapo tangu nasoma sekondari, sikuwahi kuwaona. Moyo ulinidunda kwa furaha, kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa.

Kurudi kwa makusudi kulitaka hesabu, na hapa najisifu. Nilianza kuutazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na hapa Dar maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Wavuvi wa Feri wanalijua hili tangu utotoni. Kiu nayo niliipatia dawa: usiku napima nusu kikombe cha maji, nagandisha vipande vidogo, asubuhi natia kwenye chupa ya chai. Kipande kimoja mdomoni kinakaa muda mrefu kuliko funda kumi. Mwavuli naushika kwa mkono usiochomwa sindano za mashine.

Nasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, sishuki topeni, maana Msimbazi unabeba taka za mji mzima. Mto huohuo unaanzia vilima vya Pugu vilivyonishinda. Kuanzia Septemba wapo ndege waitwao sululu, wale wa mdomo mrefu uliopinda, wanaotoka kuzaliana mbali kaskazini, hata Siberia, na kuja kuchokonoa tope letu.

Lakini kilichonitoa machozi ni jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko. Nililipitisha kidole, chembe nyeupe zikabaki: chumvi. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, na inayopenya hutolewa na majani. Mti unajisafisha wenyewe, usiku na mchana, kazi ambayo mimi nafanyiwa na mashine kwa saa nne nzima. Sikuuonea wivu. Niliuonea fahari, nikalishika lile jani mpaka jua likanifukuza.

Sasa wenzangu wodini wananiuliza bamvua ni lini. Nawaambia: kama unasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chagua Jumanne au Alhamisi. Jumapili usijaribu, maji yameshajaa mwilini na pumzi ni fupi. Na anayekusindikiza aache dafu lake nyumbani.